Tellervo Haapakorva, Aliyetaka Jambo Lisemwe Kwanza

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Marjukka Kuusjärvi, na unasomwa naye leo Jumamosi, tarehe 10 Februari 2024, katika kanisa hili la Tampere. Mchungaji aliniomba juzi niwe mpole. Nilimjibu kwamba nitakuwa mkweli kwanza, upole utafuata ukipata nafasi. Nina hasira, na nimeona ni heri mlijue hilo sasa kuliko mlikisie nikiwa katikati.

Marehemu Bi. Tellervo alizaliwa tarehe 11 Mei 1953 katika kijiji cha Vaskivesi, wilaya ya Virrat, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Eino Kuusjärvi, mkata magogo, na Bi. Lempi, aliyesimamia mitambo ya simu ya kijiji. Mitambo hiyo ilikuwa sebuleni kwetu. Kila aliyetaka kumpigia daktari, mkunga au ndugu wa mjini alipita kwanza mikononi mwa mama, na laini zilikuwa chache. Mtu akianza kuzunguka mbuyu, mama alimkatiza: "Sema unachotaka, mwenzio ana mke anayejifungua." Tellervo alifanyia kazi zake za shule chini ya meza ya mitambo hiyo. Alipokuwa na miaka sita alikuja kuniamsha akaniambia, "Marjukka, paka amekufa. Yuko nyuma ya ghala. Vaa buti." Nililia sana, lakini buti nilivaa.

Alisoma shule ya msingi Vaskivesi na sekondari Virrat, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Tampere mwaka 1972 kusomea uandishi wa habari. Huko aliambiwa kwamba sentensi zake ni fupi mno kwa msomi. Alimaliza mwaka 1977 na sentensi zake zikiwa vilevile.

Tarehe 2 Julai mwaka huohuo alifunga ndoa na Bw. Tauno Haapakorva, fundi wa mitambo ya karatasi. Walikutana kwenye dansi ya kiangazi. Tauno, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maelezo. Siku ya kumposa alimtembeza kando ya ziwa akimweleza habari za mshahara wake, za nyumba ya wafanyakazi, za mama yake mwenye presha, na za bei ya mashua. Mbu waliwala mpaka Tellervo akasimama.

"Tauno, unaomba nini?"

"Naomba nikuoe."

"Ndiyo. Sasa twende ndani, nimeumwa kila mahali."

Waliishi pamoja miaka thelathini na tisa katika nyumba yao ya mbao ya Pispala, wakajaliwa watoto wawili, Ilmo na Vappu. Tauno alifariki mwaka 2016. Katika ndoa yote hiyo sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa mafumbo. Waligombana wazi, wakamaliza, wakala.

Kuanzia mwaka 1978 hadi alipostaafu mwaka 2014, marehemu alikuwa mhariri wa habari katika redio ya mkoa. Wengi wenu mlioketi upande wa kushoto mlipita chini ya kalamu yake nyekundu, na naona baadhi yenu mnatabasamu, maana sasa kalamu imenyamaza. Kanuni yake mliijua. Kama barabara imefungwa, sema barabara imefungwa, halafu ndipo useme kwa nini na waziri amesikitika vipi. Aliamini kwamba msikilizaji ana mtoto mgongoni na sufuria jikoni, na atakupa sikio kwa muda wa kumeza chai tu. Usipotumia muda huo vizuri, umemwibia.

Baada ya kustaafu alipata kazi ya pili ambayo hakuitafuta. Kile kiwanda cha zamani cha nguo kilipogeuzwa ofisi za kampuni changa, vijana walijaa humo na kompyuta zao na soksi zao za sufu, kila mmoja ana wazo la kubadilisha dunia na hakuna anayeweza kulieleza. Wawekezaji walikuwa wakija kutoka Helsinki, wanasikiliza, wanakunywa kahawa, wanaondoka bila kujua wameombwa fedha za nini. Mtu akamkumbuka Tellervo. Akaenda mara moja kuwasaidia, akabaki miaka saba.

Hakuwafundisha ufasaha. Aliwafundisha aibu. Aliwapeleka sokoni Tammela kwenye kibanda cha soseji nyeusi na kumwagiza kila mwanzilishi amweleze muuzaji kampuni yake inafanya nini, kabla soseji haijafungwa kwenye karatasi. Muuzaji akielewa, Tellervo alilipa. Asipoelewa, kijana alilipa, na soseji anakula mwingine. Waanzilishi wa kampuni tatu zinazojulikana leo nchini walishinda na njaa pale.

Kijana mmoja alishinda na njaa kuliko wote. Anaitwa Okko Vainiola, na yuko hapa kanisani, benchi la nne, amevaa koti jeusi. Mwaka 2018 alianzisha kampuni ya Kiuaspilvi. Mara ya kwanza alisimama kibandani akasema, "Sisi ni jukwaa unganishi la kizazi kipya linalowezesha ustawi wa joto la nyumbani."

Muuza soseji akamtazama Tellervo. "Huyu mgonjwa?"

"Bado hajafika hapo," Tellervo akasema. "Okko, mwanangu, unauza nini?"

"Suluhisho la..."

"Suluhisho hata sabuni ni suluhisho. Unauza nini?"

"Swichi."

"Ya nini?"

"Ya jiko la sauna. Unaliwasha kwa simu ukiwa njiani kutoka kazini. Ukifika nyumbani, mawe yameshapata moto, unaingia kuoga mvuke."

"Haya, mfungie soseji yake," Tellervo akamwambia muuzaji. Okko alikula akiwa amesimama, jemu ya beri iliyopakwa soseji imemwagikia tai.

Alikwenda kwa wawekezaji Helsinki na maneno hayo hayo, wakampa fedha. Alimpigia marehemu simu kutoka kwenye treni: "Mama Tellervo, wameelewa! Wote wameelewa!" Tellervo alinisimulia siku ile, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye mwanawe amefaulu. Nataka hili likae wazi kabla sijaendelea: alimpenda kijana huyu.

Katika mafunzo yake yote, somo alilolirudia zaidi lilikuwa la habari mbaya. Vijana hawa wana desturi ya kuwaandikia wawekezaji kila mwezi, na barua zao zote ni za neema: tumekua, tunashukuru, tumejifunza. Ukitaka kujua kwamba kampuni inakufa lazima uchimbe mpaka chini kabisa, ambako kifo kimepewa jina la somo. Tellervo alizichana barua hizo mbele yao. "Habari mbaya iwe ya kwanza," alisema. "Habari njema inajua kusubiri." Na aliwaambia wote, bila kuficha, jinsi yeye mwenyewe anavyosoma: mistari mitatu ya kwanza. Kama jambo halimo ndani ya mistari mitatu, anafuta. Hakuwa anatania. Mimi dada yake nilishafutwa mara nyingi.

Mwaka 2021 Kiuaspilvi ilipata fedha nyingi, bodi mpya na mkuu wa mawasiliano kutoka Stockholm. Mwalimu wa sokoni hakuhitajika tena. Walimuaga kwa maua na zawadi ya swichi yao, na Okko alikuja Pispala akaifunga kwa mkono wake ukutani mwa sauna ya marehemu. Tellervo aliipenda swichi ile. Kila Jumatano na Jumamosi aliwasha sauna akiwa kwenye basi, akishuka anakuta mawe tayari.

Nafika sasa kwenye sehemu ya ugonjwa na kifo, ambayo kwa kawaida husomwa kwa sauti ya chini. Sitaishusha.

Mwezi Oktoba mwaka jana, mafundi wa Kiuaspilvi waligundua kwamba umeme ukikatika na kurudi, swichi yao inaweza kuliwasha jiko yenyewe, bila mtu kuigusa. Kila aliyezaliwa nchi hii anaelewa maana yake. Kanuni inasema nguo hazianikwi juu ya jiko la sauna. Mama zetu walituambia, zimamoto wanatuambia, imeandikwa kwenye jiko lenyewe. Na sote tunaanika. Sauna ndicho chumba kikavu kuliko vyote, jiko limezimwa, shuka zinakauka, nani ataliwasha wakati mwenye nyumba ni mimi? Mchungaji, najua hata kwako zimeanikwa.

Tarehe 21 Novemba wateja wote walipata baruapepe. Kichwa chake: "Safari yetu ya pamoja yaendelea." Aya ya kwanza ilishukuru. Ya pili ilieleza ukuaji. Ya tatu ilimkaribisha mjumbe mpya wa bodi, na zilizofuata sitawachosha nazo. Aya ya tisa ilisema kwamba "katika mazingira fulani nadra ya usambazaji wa nishati, baadhi ya watumiaji wanaweza kupenda kuzingatia kuzima kifaa kwa mikono." Hilo ndilo lilikuwa onyo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Tellervo aliisoma mistari mitatu. Alinipigia simu jioni ile kwa mambo mengine, akanitajia tu. "Wamerudi kule kule, Marjukka. Safari ya pamoja, shukrani, sijui nini. Nimefuta." Tukacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na kinaniuma.

Ijumaa tarehe 12 Januari theluji nzito iliangusha nyaya Pispala na umeme ukakatika mchana. Marehemu alikuwa ameanika shuka saunani. Alijilaza kwenye kochi, akajifunika blanketi, akalala. Umeme uliporudi, jiko likawaka. Alipoamshwa na moshi alifanya jambo ambalo binti wa mkata magogo angefanya: alichukua ndoo ya maji na kuufungua mlango wa sauna. Jirani yake, Mzee Kaarlo, alimvuta nje kwa mikono miwili akamlaza kwenye theluji. Mzee Kaarlo yuko hapa leo, na mikono yake bado ina bandeji. Familia inamshukuru.

Alilazwa hospitali siku tano. Daktari kijana alikuja kitandani na karatasi zake, akaanza kueleza kwamba hali ina pande nyingi na kwamba kila mwili hupokea matibabu kwa namna yake. Tellervo alivuta barakoa ya hewa pembeni.

"Binti yangu, nakufa au sifi?"

Yule daktari akakaa kwenye kiti. "Mapafu yameungua sana, mama. Sidhani utapona."

"Ahsante. Sasa nimeelewa."

Nilimkumbatia daktari yule kwenye korido. Katika watu wote waliotuzunguka wiki ile, yeye peke yake ndiye aliyesema jambo kwa jina lake.

Ilmo alikuwa ameitafuta ile baruapepe kwenye simu ya mama yake, kule ambako barua zilizofutwa hukaa kabla hazijapotea. Sikutaka amwonyeshe. Ilmo akasema, "Mama mdogo, akijua tumemficha atatufukuza wote." Akamsomea. Tellervo alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Aya ya ngapi?"

"Ya tisa, mama."

 Akasema, "Waambieni waiandike upya. Wengine bado wako hai." Hakuongea tena sana baada ya hapo. Alifariki Jumatano tarehe 17 Januari 2024, alfajiri, mimi na Vappu tukiwa tumemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Wasifu mwingine ungeishia hapa. Huu hauwezi, kwa sababu marehemu ametuachia kazi na kazi haijafanyika.

Kiuaspilvi haijaandika upya. Nilipiga simu ofisi ya usalama wa vifaa, wakaniambia jambo linachunguzwa. Niliwapigia gazeti, wakasema hawawezi kuchapa kasoro ya kampuni kwa neno la dada wa marehemu, wangoje uchunguzi. Zimamoto wanajua moto ulianzia kwenye shuka, na kilichowasha jiko kinachunguzwa nacho. Wakati wanachunguza, swichi hiyo iko ukutani katika nyumba zaidi ya elfu moja, theluji inaangusha nyaya kila wiki, na mimi sizijui nyumba hizo. Anayezijua ni Okko. Ana uwezo wa kuandika ujumbe mmoja kwenye simu yake na simu zote hizo zikalia kwa wakati mmoja.

Jumatatu iliyopita alikuja kwangu. Nilimkaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni, nikampa kahawa na mkate wa iliki. Alikuja na karatasi ya kampuni, wanaomba niisome leo mahali pa wasifu. Ilisema Tellervo alikuwa "mshirika wa thamani katika safari ya ubunifu." Dada yangu hakuwa mshirika wa safari ya mtu. Alikuwa mwalimu wake, na alimlisha soseji.

Nikaisukuma karatasi pembeni ya meza. "Okko, dada yangu amekufa kwa nini? Niambie kwa sentensi moja."

"Mama Marjukka, ni suala gumu, kuna mambo ya kisheria, na bodi bado inatafakari namna bora ya..."

"Kwa sentensi moja."

"Tunasikitika sana kwa msiba huu ambao..."

"Hukuulizwa unasikitika vipi."

Aliinama. Mkate hakuugusa. Halafu akazungumza kwa sauti ambayo nadhani ndiyo yake. "Niliandika barua ya namna yake, mama. Mwezi Oktoba. Niliandika sentensi tatu kama alivyonifundisha. Bodi wakasema tunatafuta wawekezaji wapya, tukiandika hivyo watakimbia. Mkuu wa mawasiliano akaichukua, akairudisha ikiwa na aya kumi na moja."

"Na wewe ukaitia sahihi."

"Nikaitia sahihi."

"Ulijua Tellervo anasoma mistari mitatu tu."

"Nilijua."

"Basi ile aya ya tisa ulimwandikia nani?"

 Alisukuma kikombe chake pembeni. Akasema, "Wawekezaji. Ili baadaye tuweze kusema tulisema."

Nilimwambia aende nyumbani. Nilimwambia pia kwamba sihitaji machozi yake wala maua ya kampuni, nataka sentensi zake tatu zifike kwa watu kabla dada yangu hajashuka kaburini. Aliahidi kuzungumza na bodi. Jana mchana, wasifu huu ulipokuwa unakwenda kwa mchapaji, nilimpigia. Alisema bodi itakutana Alhamisi.

Alhamisi ni baada ya mazishi. Alhamisi ni baada ya theluji inayotabiriwa kesho.

Ndugu, marafiki na wote mliofanya kazi na marehemu, mnaijua desturi yetu. Baada ya wasifu huu, kila familia na kila ofisi itakwenda mbele, itaweka maua kwenye jeneza na kusoma kwa sauti maneno ya utepe wake. Kiuaspilvi wameleta shada kubwa kuliko yote. Nimeona utepe wake. Una mistari sita.

Okko, shada utaliweka, sitalirudisha. Lakini hutausoma utepe. Utatoa simu mfukoni, utazisoma sentensi zako tatu za Oktoba mbele ya jeneza la mwalimu wako, kisha utabonyeza ziende. Mama mmoja kati ya watu elfu moja ameanika shuka leo asubuhi. Bodi haitakuwa imesimama pale mbele, utakuwa umesimama wewe. Watakufukuza, huenda. Mimi nilikuwa na dada mmoja.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ilmo na Vappu. Mkwe mmoja, Bi. Henna, wajukuu watatu, Lumi, Veikka na Aarni, mdogo wake, ambaye ni mimi, jirani yake Mzee Kaarlo, wanafunzi wengi waliojifunza kusema, na mmoja ambaye bado tunamsubiri.

Wasifu wa marehemu humalizika kwa maneno ambayo nyote mnayajua. Mchapaji aliyaweka mwishoni mwa ukurasa kwa mazoea, nami nikamwambia ayatoe. Dada yangu aliomba jambo moja, na mpaka lifanyike siwezi kumwambia apumzike. Kinanda kitanyamaza na kahawa ya ukumbini itapoa. Okko akimaliza kusoma, nitasimama tena hapa niyaseme.

Njia kati ya mabenchi iko wazi, Okko. Anza wewe.